Mganga wa Mbali si Mganga wa Uwongo

Liko neno moja linalozunguka sasa katika vijiji vyetu na katika mitaa ya miji. Watu hulisema mbele ya hospitali, hulisema sokoni, hulisema hata penye mlango wa kanisa baada ya Misa: «Wanataka kututibu kwa simu. Sisi si watu wa kutibiwa na kioo.» Wengi husikia neno hilo wakacheka. Sisi hatucheki. Neno hilo linaua watu, na yatupasa kulijibu.

Kwanza tueleze jambo lenyewe, maana wengi hulikataa bila kulijua. Mganga bingwa ni yule aliyesomea ugonjwa wa namna moja au kiungo kimoja cha mwili: moyo, macho, ngozi, mifupa, kansa. Husoma miaka mingi tena, baada ya kumaliza masomo ya uganga ya kawaida. Nchi yetu ina kilometa za mraba 2,345,000, na tangu mwaka 2015 ina majimbo 26. Mabingwa ni wachache, na wengi wao wanakaa Kinshasa, Lubumbashi na miji mingine mikubwa. Mgonjwa yuko Moba au Kasongo, Kongolo au Shabunda. Bingwa yuko ng'ambo ya mito na misitu.

Basi, katika uganga wa mbali, ambao wataalamu wanauita telemedisini, mgonjwa hukaa katika hospitali iliyo karibu naye, pamoja na mganga au muuguzi wa pale. Huyo humwuliza, humgusa, humpima. Kisha picha, vipimo na maelezo hupelekwa kwa bingwa kwa njia ya simu au intaneti. Pengine bingwa na mgonjwa huonana usoni na kuzungumza saa ile ile. Pengine bingwa hutazama picha jioni, na jibu huja kesho yake. Ndiyo hayo tu. Hakuna kioo kinachotibu. Anayetibu ni mtu, na mtu mwingine yuko kando ya kitanda.

Tena jambo hili si jipya kama watu wanavyodhani. Mwaka 1905, katika mji wa Leiden huko Uholanzi, mwalimu mmoja wa uganga jina lake Willem Einthoven alikuwa na mashini ya kupima mapigo ya moyo. Mashini hiyo ilikuwa nzito sana, yapata kilo 270, nayo ilihitaji watu 5 kuiendesha. Haikuwezekana kuipeleka kwa wagonjwa. Basi alitumia waya wa simu: mgonjwa alikaa hospitalini, na mapigo ya moyo wake yakapita katika waya mpaka chumba cha mashini, umbali wa kilometa moja na nusu. Mwaka 1935 mganga Guido Guida alianzisha Roma kituo cha kuwapa mabaharia shauri la uganga kwa njia ya radio, bila malipo, wawe wa taifa lo lote. Rais wa kwanza wa kituo hicho alikuwa Guglielmo Marconi, yule yule aliyemjengea Baba Mtakatifu Pio XI Radio Vatikano, iliyofunguliwa mwaka 1931. Baharia aliyeshikwa na ugonjwa katikati ya bahari hakusema: «Sitaki mganga nisiyemwona.» Alishukuru kwamba yuko mtu aliyemsikia.

Sasa tuwasikilize wanaokataa, mmoja mmoja, na tuwajibu.

Wa kwanza wasema: «Mganga asiponigusa hawezi kuujua ugonjwa wangu.» Neno hili lina ukweli ndani yake. Tumbo linalouma hutaka mkono. Uvimbe hutaka vidole. Lakini nani amesema kwamba hakuna mkono? Tutoe mfano wa ukoma, ugonjwa ambao haujaisha katika nchi yetu. Mtu ana doa jeupe mgongoni. Muuguzi wa kituo cha afya ana shaka: ni ukoma, au ni ugonjwa mdogo wa ngozi? Anapiga picha ya doa na kuipeleka kwa bingwa wa ngozi. Bingwa ataitazama picha, lakini picha haiwezi kumwambia kama ngozi ile imekufa ganzi. Basi atamwuliza muuguzi, na muuguzi atachukua pamba, amfumbe mgonjwa macho, amguse kwa pamba pale penye doa, amwulize kama anasikia. Jicho ni la bingwa, mkono ni wa muuguzi. Wote wawili pamoja wanaujua ugonjwa upesi, na mgonjwa anaanza dawa kabla ya vidole vyake kuharibika. Peke yake muuguzi angesitasita miezi mingi. Peke yake bingwa asingemfikia kamwe.

Na ninyi mnaotaka kuguswa na bingwa, mlipopigwa picha ya radio ya kifua, je, mganga aliyeisoma alikuwa na mkono juu ya kifua chenu? Damu yenu ilipopelekwa katika maabara, je, aliyeitazama alijua hata sura zenu? Mlikubali, na mlifanya vema. Basi msikatae leo jambo ambalo mlilikubali jana kwa jina lingine.

Tunajua vilevile kwamba magonjwa mengine hayatibiwi kwa mbali. Kupasuliwa hakufanyiki kwa simu. Bingwa mwema akiona kwamba lazima mgonjwa asafiri, atasema mara moja: «Mleteni.» Lakini hata hapo faida ni kubwa. Ndugu watajua waende wapi, siku gani, na vipimo gani mkononi. Mara ngapi tumeona jamaa wanauza shamba na mbuzi, wanamweka mgonjwa juu ya kipoyi, kisha juu ya pikipiki, kisha ndani ya mashua, wanafika mjini baada ya siku nyingi, nao wanaambiwa: «Bingwa wa ugonjwa huu hayupo hapa», au: «Ugonjwa huu ungeweza kutibiwa kwenu»? Na vita ikifunga njia, tufanyeje? Mwezi wa Januari 2025, Goma ilipotekwa, uwanja wake wa ndege ulifungwa. Mgonjwa aliyetazamia kupanda ndege siku zile alikosa njia. Siku kama hizo shauri la bingwa linalopita hewani ni kitu kikubwa.

Wa pili wasema: «Siri ya mwili wangu itatembea katika simu za watu.» Hawa hatuwagombezi. Hofu yao ni ya haki. Mwanamke aliyepigwa picha ya kidonda chake, kijana mwenye ugonjwa wa aibu, wanayo haki ya kuuliza: picha hii inakwenda wapi? Nani ataiona? Itafutwa lini? Sheria ya nchi yetu inamwadhibu mganga anayetoa siri ya mgonjwa, na Kodi ya mambo ya dijitali ya mwezi wa Machi 2023 imeweka kanuni za kulinda habari za watu. Lakini sheria iliyoandikwa Kinshasa haimlindi mgonjwa wa kijijini, ikiwa muuguzi anapiga picha kwa simu yake mwenyewe, ile ile anayowaachia watoto wake wachezee nyumbani. Hapo kosa si la mgonjwa anayeogopa. Kosa ni la hospitali isiyonunua simu ya kazi na kuifungia kabatini.

Wa tatu ni Wakristu wenzetu, tena wenye akili. Wasema: «Padri hawezi kutuondolea dhambi kwa simu. Mwaka 2002 Roma yenyewe ilieleza kwamba sakramenti hazipatikani katika intaneti. Mbona basi mganga atuponye kwa simu?» Twawajibu: msichanganye vitu viwili. Sakramenti ni kazi ya Kristu mwenyewe, naye ametaka mtu na mtu wakutane. Shauri la mganga ni elimu. Elimu husafiri katika barua, katika vitabu, katika radio, na haipungui njiani. Tena mkumbuke Evanjili. Yule akida wa Kapernaumu hakumtaka Bwana aingie nyumbani mwake. Aliamini kwamba neno lake latosha, na mtumishi akapona. Maneno ya akida yule twayasema sisi sote katika kila Misa kabla ya kukomunika. Na yule ofisa wa mfalme alikutana na Yezu kule Kana, naye mwanawe alikuwa anaugua Kapernaumu, akapona saa ile ile. Hatusemi kwamba simu inafanya miujiza. Twasema hivi: kukaa mbali si dalili ya kukosa mapendo, wala ya kukosa nguvu ya kusaidia.

Wa nne ni manabii wa vyumba vya sala. Hao hupiga kelele kwamba vioo vya waganga ni vya shetani, kwamba kivuli cha mtu huchukuliwa humo. Enyi manabii, tunawajua! Ninyi mnaombea watu kwa simu usiku kucha. Mnamwambia mgonjwa aweke mkono juu ya radio. Mnapokea sadaka kwa simu, na sadaka hiyo haiogopi shetani hata kidogo. Simu ikileta franka mfukoni mwenu, ni njia ya baraka. Simu ikimletea mama shauri la mganga wa kansa, imekuwa uchawi! Yule mama mnayemzuia miezi sita kwa mafuta na mifungo alikuwa na uvimbe mdogo titini, wa kutibika. Atakapofika hospitalini, uvimbe utakuwa umepasuka na kuwa kidonda. Nani atajibu mbele ya Mungu kwa miezi hiyo sita? Kitabu cha Yoshua bin Sira chatufundisha kumheshimu mganga, kwa sababu Mungu ndiye aliyemwumba. Hakikusema tumheshimu mganga wa karibu tu.

Wa tano wasema: «Huu ni uganga wa maskini. Wakubwa hupanda ndege kwenda Afrika ya Kusini, India na Ulaya. Sisi tunapewa kioo.» Neno hili tunaliheshimu kuliko yote, maana ni kilio cha haki. Ni aibu kwamba mwenye cheo akiumwa jino hupanda ndege, na hospitali ya jimbo lake haina mganga wa macho hata mmoja. Hatutanyamaza juu ya jambo hilo. Lakini fikirini: ukikataa shauri la bingwa kwa sababu ya hasira juu ya wakubwa, nani anaumia? Si wao. Tena si kweli kwamba uganga huu ni wa maskini tu. Mwaka 2020, wakati wa Covid-19, watu wengi sana wa Ulaya na Marekani, matajiri kwa maskini, waliongea na mabingwa wao kwa kioo, na wengi hawakuacha desturi hiyo baadaye, hasa wale wa kurudi kwa mganga kila mara kwa ugonjwa wa muda mrefu.

Lakini sasa tugeuke upande wa pili, maana mpaka hapa tumesema na wagonjwa tu. Wako wakubwa wa hospitali, na wako wageni waletao mashini, ambao husema: «Watu wa huku ni wajinga, hawapokei mambo mapya.» Hilo ni neno baya kuliko yote tuliyokwisha kuyajibu, na tunalikataa kabisa.

Mmesahau Ebola? Tarehe 1 Agosti 2018 ugonjwa ule ulitangazwa katika Kivu ya Kaskazini, na ulipokwisha mwezi wa Juni 2020 watu zaidi ya 2,200 walikuwa wamekufa. Mwezi wa Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Wengi walisema: ni ujinga wa watu. Kumbe watu walikuwa wanaona ndugu yao anachukuliwa na watu waliofunikwa nyuso, anaingizwa nyuma ya ukuta, na anayetoka ni maiti ndani ya mfuko. Nani asingeogopa? Lakini Beni walileta vyumba vya plastiki inayopitisha mwanga. Mama aliweza kusimama nje, amwone mwanawe kitandani, aongee naye, aone wauguzi wanamlisha. Aliyemwona ndugu yake kwa macho yake hakuwa tena na haja ya uvumi. Watu hawakukataa dawa. Walikataa kufichwa.

Tazameni tena jirani zetu wa Zambia. Tangu mwaka 2006, katika vituo vya afya vya serikali huko Lusaka, wauguzi walianza kuwapima wanawake kansa ya mlango wa kizazi. Muuguzi hupaka siki, hutazama, hupiga picha. Akiwa na shaka, picha huonyeshwa kwa bingwa aliye mbali, naye hutoa shauri. Ni sehemu gani ya mwili iliyo ya siri kuliko hiyo? Wenye akili ndogo wangesema: wanawake wa Afrika hawatakubali kamwe. Lakini kutoka mwaka 2006 mpaka 2013 walipimwa zaidi ya 100,000. Kwa nini walikubali? Kwa sababu wanawake wenzao wa mitaani walifundishwa, wakaenda kuwaeleza jirani zao. Kwa sababu aliyewapima alikuwa muuguzi wanayeweza kumrudia. Na kwa sababu mwanamke mwenyewe alionyeshwa picha yake, akaelezwa anachokiona. Tena wengi walioonekana na dalili za mwanzo waliweza kutibiwa na muuguzi yule yule.

Basi kosa liko wapi? Liko kwa yule anayeleta mashini bila kuleta maneno. Anafika na gari, anafungua masanduku, anapiga picha za sikukuu, anaondoka. Umeme haupo; rezo inakatika; hakuna aliyepewa franka za kununua mega. Mgonjwa anakalishwa mbele ya kioo katika chumba wanamopita watu. Sauti inakatika-katika. Bingwa anasema Kifaransa cha vitabu, na hakuna anayemfasiria. Baada ya dakika tano wanamwambia: «Imekwisha.» Akitoka akasema, «Sitarudi», je, ni mjinga? La, hasha! Ametendewa kama kifurushi.

Kwa hiyo, sisi hatuwaambii wagonjwa: «Kubalini yote, nyamazeni.» Twawaambia: kubalini, na dai haki zenu. Haki ya kwanza ni kuelezwa kabla, kwa lugha yenu, na kuulizwa kama mwataka. Anayekataa asifukuzwe, wala asinyimwe matibabu mengine. Haki ya pili ni kuwa na mtu wa hapa kando yenu tangu mwanzo mpaka mwisho: Sista, muuguzi, mganga wa hospitali. Haki ya tatu ni chumba chenye mlango unaofungwa. Haki ya nne ni kujua jina la bingwa anayewatazama na kazi yake. Haki ya tano ni kwamba habari mbaya, kama ya kansa au ya kifo kinachokaribia, isitolewe na kioo peke yake. Awepo mtu wa kuwashika mkono. Na haki ya sita, ambayo wakubwa hawaipendi: mashini isiwe sababu ya kutoajiri mganga. Mahali palipostahili mganga, aletwe mganga. Simu imsaidie, isikae katika kiti chake.

Enyi Masista na wauguzi, kazi hii imo mikononi mwenu. Mgonjwa hawezi kumwamini bingwa asiyemjua, anawaamini ninyi. Mkimwambia kwa upole, atakaa mbele ya kioo. Mkimsukuma, atakwenda kwa nabii. Enyi wakubwa wa ofisi za uganga za majimbo ya Kanisa, kabla ya kupokea mashini, ulizeni nani atalipa umeme na rezo mwaka wa pili na wa tatu. Mashini iliyokufa kabatini inawafundisha watu kutoamini, na ile itakayokuja baada yake itakutana na mlango uliofungwa.

Na ninyi baba na mama wa nyumba, mganga wa hospitali yenu akisema, «Ugonjwa huu unanishinda, nataka kumwuliza mwenzangu aliye mbali», msimdharau. Mganga anayekiri kwamba hajui yote ni mganga wa kweli. Wahenga walisema: mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Mwulizeni maswali yenu yote bila haya. Akijibu vizuri, mkubalieni. Asipojibu, mwulizeni tena. Lakini msimwache mtoto afe nyumbani kwa sababu mganga wake alikuwa upande wa pili wa waya.